Mizimu ya Nyumba Namba Tisa, Mara ya Pili

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kulitaja kwenye maandishi bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa siku za Jumatano zisizo na mvua. Leo ni Jumatano na inanyesha. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani nazo zina kibali chake.

Mimi naitwa Mwajabu. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa mpiga chapa wa Wizara ya Utulivu, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho kioo cha dirisha kilipakwa rangi ya kijivu ili tusivurugwe na yaliyo nje. Habari za Nyumba Namba Tisa nilizishuhudia mara zote mbili. Nazieleza zilivyokuwa, bila kumlaumu mtu, maana katika nchi yetu mtu wa kulaumiwa ametafutwa miaka mingi na hajapatikana.

Mara ya kwanza ilikuwa hivi. Nyumba hiyo ipo Mtaa wa Shukrani, wanakokaa mawaziri. Ina vyumba vinane, baraza pana, na ua wa michongoma. Alipewa Waziri wa Uvuvi, akahamia na mkewe na samaki wao wa kwenye kioo. Siku ya nne wakahamia hotelini. Mama alisema chini ya stoo ya jikoni kuna kitu kinagonga. Kinagonga asubuhi, kinagonga watu wakila chakula cha mchana, mpaka samaki wameacha kula. Akapewa Waziri wa Makumbusho. Huyo alikaa siku mbili, na ya pili aliikaa barazani.

Serikali ya wakati ule ilikuwa haiamini mizimu. Ilikuwa imeipiga marufuku kwa waraka. Basi akaitwa Salehe Mbonde, fundi wa maji kwa kusomea, Mkaguzi wa Mambo Yasiyoelezeka kwa cheo. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mguu mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, hacheki wala hanuni. Alikwisha kumaliza kesi ya mbuzi aliyesema maneno huko Jimbo la Tatu, ambapo aligundua kwamba mwenye mbuzi alikuwa na kipaji, na ile ya jeneza lililogoma kuingia kaburini, ambapo alipima kaburi akakuta limechimbwa fupi.

"Kila kitu kina sababu, Bi Mwajabu," alikuwa akiniambia. "Watu wanaikwepa tu kwa kuwa haina utamu."

Nilikwenda naye kuandika. Alipiga magoti stoo, akachukua spana, akagonga sakafu mara tatu. Tukasubiri. Kutoka chini zikarudi tatu. Akagonga tano, zikarudi tano. Akaenda kufungua bomba la jikoni, bomba likatetemeka na kugonga ukutani kama mtu mwenye homa. Mbonde akatabasamu kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa karamu. Akaniambia niandike: sauti inatokana na maji yanayojigonga ndani ya mabomba makuukuu, na majibu yanayosikika ni mwangwi.

Nikaandika mwangwi.

Alivishwa Nishani ya Akili Tulivu, Daraja la Pili. Nyumba ikafungwa ili ifanyiwe matengenezo. Mafundi walikuja, wakang'oa mabomba yote, wakaambiwa waondoke kabla hawajaweka mapya. Miaka mitatu ikapita.

*

Katika miaka hiyo kulikuwa na kina mama waliokuja kila Jumatatu kusimama nje ya Wizara yetu, wameshika picha za watoto wao. Wizara iliwajibu kila Jumatatu, kwa adabu, kwamba watoto wao wamesafiri. Kina mama wakauliza wamesafiri kwenda wapi. Wizara ikajibu kwamba swali hilo liko nje ya saa za kazi.

Mmoja wao, Bi Sharifa, muuza maandazi, alipita siku moja kwenye uchochoro ulio nyuma ya Mtaa wa Shukrani. Kwenye mfereji wa maji machafu wa Nyumba Namba Tisa akasikia mtu anakohoa. Alisimama pale mpaka maandazi yakapoa. Kisha akaenda kuwaambia wenzake kwamba kikohozi kile ni cha mwanawe Issa, kwamba Issa amekohoa hivyo tangu ana miaka minne, kavu mbili halafu moja ndefu, na kwamba yeye hawezi kukosea.

Jumatatu iliyofuata kina mama hawakuja Wizarani. Walikwenda Mtaa wa Shukrani. Habari zikafika nje ya nchi, na wakaguzi wa mataifa ya nje, ambao kwetu huitwa Wageni tu, wakaandika kwamba watakuja kuitazama nyumba hiyo baada ya wiki tatu.

Hapo Serikali yetu ikaonyesha wepesi wake. Nyumba ambayo mtu anakohoa ndani yake na hakuna anayekaa humo ina nini? Ina mizimu. Bunge likaitishwa, na Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Polikarpo Mtutuma, akasimama kuwasilisha Sheria ya Mizimu.

"Waheshimiwa," alisema, "kwa muda mrefu mno tumeidharau mizimu yetu. Tumeifanya ijione haina kwao. Ni nchi gani iliyostaarabika inayoona haya kwa mizimu yake? Kuanzia leo mzimu utatambuliwa kisheria. Na kwa kuwa mzimu si raia, hauwezi kukamatwa. Kwa kuwa haukukamatwa, hauwezi kuachiwa. Na kwa kuwa hauna mama, hakuna mama atakayesumbuka kusimama juani kwa ajili yake. Hii ni sheria ya huruma."

Walipiga makofi dakika sita.

Sheria yenyewe niliipiga chapa mimi. Ilihitajika kabla ya chakula cha mchana, na mwanasheria wa Wizara hakuwa na muda wa kutunga. Alinipa Sheria ya Kuondoa Nyuki katika Majengo ya Serikali, ya zamani kidogo lakini nzuri, akaniambia kila palipo na neno nyuki niweke mizimu. Nilifanya nilivyoambiwa. Vifungu kumi na vinne. Nakala za Wageni zilipigwa mhuri wa dhahabu na kutafsiriwa siku ile ile.

Kilichobaki ni cheti. Sheria ilitaka Mkaguzi athibitishe kwa mkono wake kwamba mizimu ipo na ni mingapi. Waziri akasema lazima awe Mbonde. Nchi nzima ilijua Mbonde haamini chochote. Akisema huyu ameona mzimu, nani atabisha?

Niliitwa kuandika mazungumzo yao.

"Mbonde," alisema Waziri, "mara ya kwanza ulitusaidia sana kwa kusema hakuna mizimu."

"Nilisema nilichokiona, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Sasa nenda ukaone kingine."

"Na kama hakipo?"

"Kipo. Kimepitishwa na Bunge."

*

Tulifika Nyumba Namba Tisa saa tatu asubuhi, tukiwa na barua ya Waziri iliyoturuhusu kuingia kokote penye mizimu. Getini walikuwepo walinzi wawili. Hawakuisoma barua. Walitunyooshea njia ya jikoni wakabaki pale pale, mmoja ameshika hirizi.

Jikoni tulimkuta mpishi, Bi Mwanatumu, mama mtu mzima mwenye mikono minene, anakoroga maharage kwenye sufuria ambalo mimi ningeweza kukaa ndani.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu," Mbonde akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Msikae hapo, pana mafuta."

"Unampikia nani?"

"Nyumba."

"Nyumba haina mtu tangu miaka mitatu iliyopita."

"Mimi niliambiwa nipikie nyumba. Tangu sheria itoke naambiwa napikia mizimu. Maharage ni yale yale."

"Mzimu unakula maharage?"

"Unakula, baba. Zamani chakula kilikuwa kinaisha chote. Siku hizi kinarudi nusu." Akaacha kukoroga. "Nilidhani nimezidisha chumvi."

Mbonde akageuka. Kando ya mlango wa stoo kulikuwa na ndoo mbili. Moja ilikuwa na ukoko wa maharage. Nyingine ilikuwa imefunikwa kwa gunia, na harufu yake ilitueleza ni ya nini.

"Nani anateremsha ndoo hizi?"

"Walikuwa wale vijana wa getini. Wameteremsha miaka yote, wanapiga mluzi. Sheria ilivyopita wakaogopa mizimu, wamekataa kuingia stoo. Sasa nateremsha mimi, na mgongo wangu huu."

"Bi Mwajabu," Mbonde akaniambia, "nimekagua mizimu miaka kumi na tisa. Sijapata kuona mzimu unaohitaji ndoo ya pili."

Akaingia stoo. Nikamfuata. Mabomba yalikwisha ng'olewa na kuta zilikuwa na matundu yalipopita. Akapiga magoti pale pale alipopiga mara ya kwanza, akagonga tatu kwa spana.

Tukasubiri. Zikarudi nne.

Alibaki na spana mkononi. Aligonga tatu tena, taratibu. Zikarudi nne, taratibu vilevile, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Mwangwi hauongezi," alisema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Alianza kuvuta magunia ya mchele yaliyokuwa ukutani. Chini yake, sakafuni, kulikuwa na bamba kubwa la zege lililokazwa kwa nati nane, na katikati tundu la kupitisha ndoo, lenye mfuniko wa bati. Lilikuwa tangi la zamani la maji ya mvua. Wizara ya Utulivu ilikuwa imelipatia matumizi mengine, na siri ilitunzwa vizuri kiasi kwamba Idara ya Nyumba haikuambiwa, ikawapa mawaziri wakae juu yake. Mbonde alifunua bati akalala kifudifudi.

"Nani yuko huko?"

Ikapanda sauti ya mtu mzima, ya taratibu, sauti iliyozoea kusema darasani.

"Nani anauliza?"

"Mkaguzi Mbonde."

"Yule wa spana?"

Mbonde akaiweka spana chini.

"Mimi ni Yusto Kapembe, mwalimu wa jiografia. Niliwaambia wanafunzi mto wetu mkubwa unaanzia nchi jirani. Ulipogonga mara ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja. Uligonga tatu tukakujibu tatu. Uligonga tano tukakujibu tano. Tulifurahi sana. Tulikaa siku nyingi tunabishana utarudi na nani."

"Sasa mko wangapi?"

"Wanne. Ndiyo maana nimegonga nne."

Mtu mwingine akakohoa kule chini. Kavu mbili, halafu moja ndefu.

*

Mbonde alitapika kwenye michongoma. Nilimshikia miwani. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja akasema, "Niliandika mwangwi."

"Mimi ndiye niliyeandika, Bwana Mkaguzi."

"Wewe uliandika nilichokutajia."

Hatukuendelea na mjadala huo, lakini nililala nao siku nyingi.

Alirudi nami ofisini, akaomba nakala ya Sheria ya Mizimu, akakaa kwenye kiti cha wageni. Alinieleza anavyowaza, kwa sauti ya chini, kwa kuwa chumba cha pili alikaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha pili. Akiandika kwamba chini kuna watu hai, taarifa itafika kwa Waziri kabla ya kuwafikia Wageni, na kabla ya saa ya chai tangi litakuwa tupu na limepigwa chokaa. Akikataa kutia saini, ataletwa mwingine atakayetia. Akiwaambia kina mama, watakwenda getini wapigwe, na tangi litakuwa tupu vilevile.

Alisoma mchana kutwa. Watu hawasomi sheria zetu, hata wanaozitunga, na kumwona mtu anasoma mstari kwa mstari kulinitia wasiwasi. Alipofika kifungu cha tisa akavua miwani.

"Bi Mwajabu, hii sheria ni ya nani?"

"Ni ya nyuki," nikasema.

Akanisomea. "Mizimu itakayothibitishwa kuwemo katika jengo la Serikali itaondolewa na Mkaguzi mwenyewe, mchana, mbele ya majirani na wote walioathirika, kwa kufungua mfuniko wa mahali ilipojificha. Baada ya kufunguliwa, itaachwa iende itakako. Ni marufuku kuiua, kuifukuza kwa fimbo, au kuipiga moshi zaidi ya ilivyo lazima, kwa kuwa ina manufaa kwa kilimo."

Tulitazamana.

"Si ulisema kila kitu kina sababu?" nikamwambia. "Utatia saini kwamba umeona mizimu?"

"Mara ya kwanza nilisema ninachoamini, na watu saba wakafa nikiwa nimekiamini," alisema. "Nipe kalamu."

Akaandika: Nathibitisha kuwepo kwa mizimu minne. Waziri alipoisoma alimkumbatia.

*

Siku ya Wageni kulikuwa na jua kali. Viti vilipangwa uani, bendi ya polisi ikapiga nyimbo mbili, na kina mama wakawekwa nyuma ya kamba. Wageni walikuwa watatu, wamevaa kofia za jua, wameshika nakala zao zenye mhuri wa dhahabu. Niliwaona wamezitia alama kwa penseli. Walikuwa wamezisoma. Hilo hatukulitegemea, maana wageni wa kwetu huwa wanapewa vitu vya kushika.

Mheshimiwa Mtutuma alihutubia kwa nusu saa. Alieleza kwamba mizimu ya nchi yetu ni minne tu, idadi ndogo ukilinganisha na majirani, na kwamba imethibitishwa na mtu asiyeamini mizimu, jambo linaloonyesha uhuru wa mawazo uliopo. Akamaliza, akakaa, akajipepea.

Mbonde akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kwa ruhusa yako niendelee na kifungu cha tisa."

"Endelea na kifungu," alisema Waziri kwa ukarimu, kwa sababu hakujua kinasema nini.

Mwanasheria wa Wizara alikijua. Alikuwa amekifahamu tangu enzi za nyuki. Nilimwona anainuka, anainama kwenye sikio la Waziri, na nikaona shingo ya Mheshimiwa inavyobadilika rangi. Lakini Mgeni mmoja alikuwa amekwisha kufungua ukurasa, anasoma kwa sauti kwa lugha yake, na mkalimani, kijana mwaminifu aliyeajiriwa kutafsiri kila kitu, akakitafsiri kwa Kiswahili safi mbele ya umati wote. Mchana. Mbele ya majirani. Itaachwa iende itakako.

Waziri angeweza kusema ile si mizimu. Kama si mizimu, ni nini? Angeweza kusema sheria ni mbovu. Aliitunga yeye. Alitabasamu kwa meno yote.

Mbonde aliingia stoo na spana. Walinzi walipewa ishara wamzuie, na ishara waliiona vizuri, lakini hapo walipokuwa, karibu na mlango wa mizimu, miguu yao haikuwatii. Nati nane. Tulizisikia zikilia moja moja. Bi Mwanatumu aliingia kumsaidia kusukuma zege.

Wa kwanza kutoka alikuwa mwanamke aliyekuwa akifua nguo za kambi ya jeshi, ambaye siku moja aliuliza kwa nini zinakuja na damu. Hakuweza kusimama wima. Alipofika kwenye mwanga alijifunika uso kwa mikono miwili akakaa chini. Wa pili alikuwa mzee ambaye hata leo hajataka kusema jina lake kwa mtu. Halafu akatoka Mwalimu Kapembe, suruali amefunga kwa kamba ya gunia, amembeba mgongoni kijana mwenye kichwa kikubwa na shingo kama ya kuku. Kijana alikohoa.

Bi Sharifa aliruka kamba. Askari mmoja akamshika mkono, kisha akamgeukia mkuu wake akauliza kama inaruhusiwa kugusa mzimu. Mkuu akamuuliza mwanasheria. Mwanasheria akafungua sheria akasema majirani wanashauriwa kukaa umbali wa hatua ishirini, lakini ni ushauri tu. Wakati wao wanaulizana Bi Sharifa alikwisha kufika. Hakulia. Alimpokea mwanawe kutoka mgongoni kwa Mwalimu kama mtu anavyopokea mzigo kwa mwenzake njiani, akamkalisha kwenye kanga yake, akaanza kumkagua masikio, kucha, meno, akitaja kila kitu kwa jina.

Kina mama wengine walikuwa wanatazama mlango. Walitazama kwa muda mrefu. Mbonde akatoka mwisho, peke yake, akasimama mbele yao akatikisa kichwa.

Ndipo Waziri akapata kauli yake. Alisimama akasema, "Mnaona wenyewe jinsi Serikali inavyoijali mizimu yake." Bendi ikapiga. Wale wanne wakatoka getini, wameshikwa na kubebwa na watu, na hakuna aliyewazuia kwa sababu hapakuwa na fomu ya kuzuia mzimu.

*

Mheshimiwa Mtutuma alipongezwa kwa zoezi lililokwenda kwa amani, na nchi mbili za jirani zikaomba nakala ya sheria. Mbonde alipandishwa Nishani kuwa Daraja la Kwanza siku ya Ijumaa, na Jumatatu akafukuzwa kazi. Mimi nilifukuzwa Jumanne. Barua yangu ilisema nimefanya uzembe kuhusu nyuki. Nakala mbili za maelezo yetu alipewa yule wa chumba cha pili azitunze, na nadhani anazitunza mpaka leo.

Wale wanne hawakurudi kuwa watu. Sheria haina kifungu cha hilo. Mwalimu Kapembe hawezi kupanga nyumba wala kufundisha, kwani mwajiri hutaka kitambulisho, na kitambulisho hupewa raia. Anafundisha watoto wa shemeji yake uani. Issa alipopelekwa hospitali daktari aliyasikiliza mapafu yake, akaandika dawa, halafu karani akauliza cheo cha mgonjwa, na alipoambiwa ni mzimu ulioondolewa kisheria, akaufunga mlango wa dawa, kwa masikitiko, maana alikuwa mtu mwema. Issa aliishi wiki tano kwa mama yake. Msajili wa vifo alikataa kumwandika kwa kuwa alikwisha kufa. Tulimzika Alhamisi. Bi Sharifa alisema wiki tano si haba, nikamsaidia kuosha vyombo.

Baada ya mazishi Mbonde alikuja kwangu na karatasi. Kapembe alikuwa amemtajia majina ya wale saba, na kila mmoja ametoka wapi.

"Nitakwenda kwao," alisema. "Nyumba kwa nyumba. Wanadhani watoto wao wamesafiri, au wamekufa, au wamekuwa mizimu. Nitawaambia walikuwa wapi, na kwamba nilifika juu yao nikaondoka."

"Watakupiga."

"Huenda."

"Mimi ndiye niliyeandika," nikasema, nikachukua mtandio wangu.

Tulikwenda nyumba saba kwa siku kumi na mbili. Nyumba ya kwanza baba alisikiliza mpaka mwisho, akatushukuru, akatusindikiza mpaka njiani, na hilo lilimuumiza Mbonde kuliko lote. Ya pili hawakufungua. Ya tatu, kaka wa marehemu alimpiga kofi lililovunja miwani, kisha akamwokotea. Nyumba moja walitaka kujua mtoto wao alikuwa akila nini. Nyumba moja mke alikuwa ameolewa tena, akatuomba tuseme kwa sauti ndogo kwa sababu mume alikuwa ndani, na alitusikiliza huku anachambua mchele, hakuna hata punje iliyomponyoka. Kila walipotufungulia Mbonde alisema maneno yale yale, bila kuyapunguza. Nilimsikia akiyarudia hadi nikayajua kama sala, na kila mara alipofika kwenye neno mwangwi alisimama, akalitaja.

Ya saba ilikuwa mbali, mji mdogo wa kwenye mlima, kwa Bi Asumini, mjane. Mwanawe Dodoli alikuwa fundi saa. Alikuwa amesema hadharani kwamba saa ya mnara wa Bunge imesimama. Tulimkuta anaanika mahindi. Alitukaribisha, akatuletea viti viwili, yeye akabaki amesimama na ungo kiunoni.

Mbonde akaeleza. Akamwambia kwamba kule gizani Dodoli ndiye aliyekuwa akiwatajia wenzake saa, kwa kuhesabu, na kwamba Kapembe anasema hakuwahi kukosea kwa zaidi ya robo saa. Akamwambia mwaka na mwezi aliofariki. Akamwambia ya spana. Akalitaja lile neno. Hakuomba msamaha. Alikuwa ameacha kuuomba tangu nyumba ya tatu, alisema ni kuwaongezea watu kazi.

Bi Asumini aliweka ungo chini. Alitazama mahindi yake kama anayatafutia mawe.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza, mama."

Mbonde akainuka, akachukua kofia yake. Mimi nikainuka pia. Mama yule akavuta kigoda, akakaa kwenye mlango wa ua, mahali ambapo asingeweza mtu kupita bila kumruka.

"Basi kaa," alisema. "Mimi sijaanza. Dodoli alizaliwa siku ya Ijumaa, mvua imeharibu daraja, mkunga hakuweza kuvuka."

Mbonde akakaa.